Safu ya Sababu: siku saba kutoka mlimani Mwanza hadi Kisumu na kurudi

Jumapili, Mwanza

Kitu cha kwanza kuingia mkobani ni kauntabuku la mtaa, lile la kwaya tatu lenye jalada jekundu lililokwisha pembe. Khanga na sweta vimefuata. Humo mna vipaumbele vya mtaa wetu vya miaka minne, vyote kwa mwandiko wangu, maana ndiyo miaka niliyokaa kwenye kamati ya mtaa na kila mkutano kalamu huangukia kwangu. Mwaka wa kwanza tuliandika: ngazi za mawe kutoka barabara ya lami hadi kwenye mwembe, na mtaro pembeni yake. Mwaka wa pili tukaandika hivyo hivyo. Wa tatu na wa nne pia.

Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa ngazi maana yake nini. Nyumba zetu zimepanda majabali, moja juu ya bega la nyingine, na kati yake kuna njia ya upana wa mtu mmoja na ndoo yake. Mgonjwa akizidiwa usiku tunamshusha kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne wamekishika, wa tano mbele anamulika kwa simu. Mvua ikinyesha, njia yenyewe ndiyo mto. Orodha yetu hutoka mtaani ikaenda kata, ikatoka kata ikaenda juu zaidi, na huko inanyamaza. Hajawahi kurudi mtu kutuambia: ngazi zenu zimekataliwa, na sababu ni hii. Kuulizwa tumeulizwa sana. Kujibiwa ndiko hatujakuona, na hilo ndilo linalonipeleka Kisumu.

Tunakwenda watano. Mwenyekiti wa mtaa, mzee wa Kisukuma aliyejenga hapa mlimani tangu miaka ya 1970. Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Fundi mwashi. Kijana wetu anayechora ramani kwa simu. Na mimi. Nauli ni ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, malazi ni ya wenyeji, kikundi cha wakazi wa wadi moja ya Kisumu. Tulijuana nao kwa njia ya dagaa: mteja wa siku nyingi wa mama huyu ni mmoja wao, na katika kupigiana simu za mzigo wakajikuta wanaongea habari za mitaro.

Mchana mwenyekiti alitutembeza upande wa pili wa mlima, kwenye mitaa iliyopata mabomba ya majitaka, ili tukiulizwa huko tusibabaike. Fundi akainama akafunua mfuniko wa chemba moja iliyo katikati ya uwanja wa watu, kati ya kamba ya nguo na jiko la mkaa. Mfuniko si mkubwa kuliko sinia. Chini, kina cha mkono tu, bomba jembamba la plastiki linaingia upande huu na kutokea upande ule, maji yakipita kwa haraka kwa sababu mlima wenyewe unayasukuma. Halipiti barabarani, kwa kuwa barabara hakuna. Linapita uani, nyuma ya jiko la huyu, mbele ya mlango wa yule, mpaka linaungana na bomba kubwa kule chini.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya, na sioni sababu ya kuyaficha. Ukichimba choo mlimani, futi chache tu unagonga jabali. Kwa hiyo watu walijenga vyoo juu ya jiwe, na mvua kubwa ikija usiku wapo waliokuwa wakitapisha vyoo. Uchafu unashuka korongoni, unaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani. Na ziwa ndilo tunalokunywa.

Fundi alikuwa kibarua wakati wa kuchimba, na kwa maneno yake kazi ngumu haikuwa jembe. Ilikuwa kukaa na majirani kumi na kukubaliana bomba lipite kwa nani. Nilipofuatilia asili ya mfumo huu nilikuta ulianza Natal, mji wa pwani kaskazini-mashariki mwa Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mhandisi José Carlos Melo na wenzake waliona kwamba bomba la kawaida la katikati ya barabara halitawafikia maskini kamwe, kwa hiyo wakalifupisha, wakalipandisha juu, wakalipitisha viwanjani, na wakawaachia majirani wa kila kipande waamue njia yake. Kwetu mkopo wa mradi ulitoka Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, pamoja na fedha za serikali. Lakini akili ya bomba ilitoka mji wenye shida kama zetu. Nimeliandika hilo ukurasa wa mwisho wa kauntabuku na kulipigia mstari.

Jumatatu, njiani

Nyamhongolo saa kumi na mbili asubuhi, basi likaondoka saa moja na robo. Kisesa, Magu, Lamadi. Baada ya Lamadi hifadhi ya Serengeti inakuja karibu kabisa na lami, na upande wa pili ziwa linaonekana na kupotea. Nililala kutoka Bunda na kuamka Kirumi, tunapita juu ya Mto Mara.

Kijana wa ramani alikuwa akinieleza jambo ambalo limenikaa. Mwanza ina urafiki na Würzburg ya Ujerumani tangu 1966, na Tampere ya Finland tangu 1988. Urafiki huo umetufaa na sina neno baya juu yake. Lakini Kisumu tunachangia nayo maji ya kunywa. Taka anayoitupa mtu wa huko na taka ninayoitupa mimi zinakutana. Halmashauri za ukanda wa Ziwa Victoria, za Kenya, Uganda na Tanzania, zilianzisha umoja wao mwaka 1997. Mameya na wataalamu wamekutana. Mtu wa mtaa kukutana na mtu wa mtaa ndiko kunakopungua, na sisi watano tuliobanana viti vya nyuma ni sehemu ndogo ya kuliziba pengo hilo.

Sirari tulikuta maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, ukitoka dirisha hili unaingia lile. Mwenyekiti aliulizwa anakwenda kufanya nini. Akajibu, "Kujifunza bajeti, mwanangu." Ofisa akamtazama kidogo, akagonga.

Migori, Rongo, Kisii, Oyugis, kisha mashamba ya mpunga ya Ahero yakiwa meusi gizani. Kisumu tumeingia usiku. Mwenyeji wetu, mama wa makamo, ametupokea kwa ugali na samaki aliyemwita ngege. Kumtazama, ni sato wetu.

Jumanne, Kisumu

Asubuhi tulipelekwa Nyalenda kuona maji. Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, huko haiuzi maji nyumba kwa nyumba. Tangu miaka ya 2000 inafikisha bomba kubwa pembeni mwa makazi, inaweka mita moja kubwa, na kuanzia hapo kikundi cha wakazi kinanunua kwa jumla na kuwaunganishia watu. Kikundi ndicho kinachosoma mita ndogo, kinakusanya fedha, kinaziba bomba likipasuka. Kampuni ikaacha kupoteza maji kwenye vichochoro isivyovijua, na wakazi wakaacha kutegemea mikokoteni ya madumu.

Mama mmoja wa kikundi, bunda la funguo kiunoni, alitufungulia sanduku la chuma lililojengewa saruji chini. Ndani mita zimepangwa safu tatu kama masanduku ya posta, kila moja na jina la mwenye nyumba kwa rangi nyeupe. Alituonyesha moja iliyokuwa inazunguka taratibu wakati mwenye nyumba yuko safarini. "Hapo kuna mfereji unavuja," akasema. Fundi wetu akaanza kutafuta mtaro chini. Kumbe kwao mfereji ndio bomba la kufungulia maji, na kwetu mfereji ni njia ya maji machafu. Nimeliandika pembeni ya ukurasa, kwa sababu kesho tutasomeana mipango, na mtu anaweza kuomba mfereji akapewa kitu kingine kabisa.

Maneno mengine tuliyapanga jioni tukisubiri chai. Kata yetu ni wadi yao. Diwani wetu ni mwakilishi wadi wao. Halmashauri kwao ni kaunti, ingawa kaunti ni kubwa zaidi na ina serikali yake. Nyumba kumi wanayo, na waliichukua kwetu: mwaka 2013 serikali ya Kenya ilipotafuta njia ya majirani kujuana kwa ajili ya usalama, ilitazama Tanzania. Mwenyekiti wetu, aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi, alifurahi sana kusikia hivyo. Aliomba arudiwe mara mbili.

Jumatano, Kisumu

Leo ndiyo siku niliyokuja kuitafuta.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, mabenchi yamejaa, watoto wamekaa sakafuni mbele. Februari ndio mwezi wenyewe: kaunti zote za Kenya zinatakiwa kupeleka waraka wa mkakati wa fedha kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kwetu pia bajeti za halmashauri hupita kipindi hiki, kisha zinakwenda mkoani, TAMISEMI na Bungeni kabla ya Julai mosi. Kwa hiyo sote tulikuwa na joto lile lile.

Niliwaza wataanza kwa kuuliza watu wanataka nini. Hawakuanza hivyo. Mbele ukutani walibandika karatasi nne za manila zilizounganishwa kwa gundi, na mwalimu mmoja mstaafu akasimama na fimbo. Safu zilikuwa nne. Tuliomba nini. Kimekubaliwa au hapana. Kimejengwa au hapana. Sababu. Akasoma mstari kwa mstari ya mwaka uliopita, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kijaluo, na hakuna aliyeruhusiwa kuomba kitu kipya kabla mistari haijaisha.

Nilinakili yote, lakini mstari mmoja nitausimulia. Waliomba taa ya barabarani kwenye kona moja ambayo wanawake wa sokoni hupita alfajiri. Safu ya pili: hapana. Safu ya nne, kwa wino wa bluu: nguzo inaangukia kwenye kiwanja chenye kesi. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akanyanyuka polepole, akajitegemeza kwa bega la kijana. "Kesi hiyo ni ya ndugu yangu," akasema. "Iliisha mwaka jana. Karatasi ya hukumu ninayo nyumbani." Ukumbi ukatulia. Mwalimu akamwomba aiandike, akaandikiwa, akatia dole gumba. Mstari ule ukahamishwa kwenye orodha ya mwaka huu, na hukumu itaambatanishwa.

Niliacha kuandika kwa muda. Nilikuwa nafikiria ngazi zetu. Miaka minne tumeomba, na kama kikwazo chetu nacho ni kitu cha namna ile, karatasi iliyolala kabatini kwa mtu, tungekijua wapi?

Kahawa ilipotoka nilimfuata mwalimu nikamuuliza hizo sababu wanazipataje. Akaniambia si kaunti inayowaletea. Ni kikundi chao kinachozifuata kwa barua. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 201, inataka wananchi washiriki katika mambo ya fedha za umma, na ibara ya 35 inampa raia haki ya taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya kuitekeleza ilipitishwa 2016, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wanaandika barua fupi, wanataja mradi mmoja, wanauliza swali moja. Barua ndefu, alisema, inampa mtu nafasi ya kujibu pale anapopenda.

Hapo ndipo kijana wetu wa ramani, aliyekuwa kimya tangu tufike Kisumu, alipotoa simu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania nayo ni ya 2016. Mwaka ule ule. Siku zetu ni 30. Mwenyekiti aliichukua simu akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari, miwani imeshuka puani. Kisha akatukumbusha kitu ambacho yeye anakijua kwa moyo: ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. "Ninayo nyumbani pamoja na Biblia," akasema. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Baada ya kahawa ndipo maombi mapya yakaja. Kila mtu alipewa mbegu tano za maharage, akaziweka kwenye makopo yenye picha: kisima, taa, zahanati, mtaro, choo cha soko. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliweka zote tano kwenye choo cha soko na akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Alhamisi, Dunga

Siku ya mwisho walitupeleka Dunga, ufukweni. Magugu maji yalikuwa yamelala mbali kidogo, kijani kibichi, na mashua zimetengeneza njia katikati. Mama wa dagaa alikaa na wenzake wa omena na sikumwona tena mpaka saa nane. Omena ndiye dagaa. Waliongea habari ya vichanja vya kuanikia na bei ya gunia, na kwa alichonieleza baadaye, huenda yeye ndiye aliyefaidi safari kuliko sisi wote.

Sisi wengine tulikaa na mwalimu chini ya mti. Kisumu iliwapokea wageni wa Africities mwezi Mei 2022, mkutano mkubwa wa serikali za mitaa za Afrika, na mada yake ilikuwa majiji ya kati, yale yasiyo makao makuu. Kisumu na Mwanza kabisa. Mwalimu alizunguka kwenye mabanda siku zote akikusanya vijitabu, na Porto Alegre, jiji la Brazil, aliisoma humo mpaka akaijua kama mtaa wake.

Alituchorea mchangani. Mwaka 1989 jiji hilo la kusini mwa Brazil, chini ya meya Olívio Dutra, lilianza kuwaita wakazi wapange sehemu ya fedha za miradi. Likagawanywa maeneo 16, kila eneo na mikutano yake na wajumbe wake, na wajumbe wakaunda baraza la bajeti. Mwanzoni walioitikia walikuwa wachache sana kwa jiji lenye watu zaidi ya milioni. Fedha hazikuwepo, ahadi zikachelewa. Walipoanza kuona mabomba na lami vikija kweli, mikutano ikajaa, na kabla miaka ya 1990 haijaisha walikuwa wanahesabiwa kwa maelfu mengi.

Nilimuuliza fedha waligawanaje bila kupigana. Akachora mistari mitatu. Wa kwanza, eneo limekosa huduma kiasi gani. Wa pili, lina watu wangapi. Wa tatu, wakazi wenyewe wameweka jambo gani mbele. Kila mstari una alama, alama zinajumlishwa, na mwenye shida kubwa anapata fungu kubwa zaidi hata kama sauti yake ni ndogo. Kila mwaka kinachapishwa kijitabu cha miradi, mtu akaweza kwenda nacho mpaka kwenye shimo linalochimbwa akauliza. Niliweka mtaa wetu kwenye mistari ile: ngazi hakuna, watu tumebanana, na kwa miaka minne tumesema jambo moja. Sitaki kujidanganya kwamba tungeshinda. Lakini tungejua tumeshindwa na nani na kwa alama ngapi, na ningeweza kurudi juu kwenye mwembe nikawaeleza watu wangu.

Mwalimu hakutuuzia Porto Alegre kama pepo. Alitueleza na mwisho wake. Chama kilichoanzisha utaratibu kilishindwa uchaguzi 2004, waliofuata waliubakiza jina, miradi iliyopitishwa na wakazi ikawa inalimbikizana bila kujengwa, na mwaka 2017 ukasimamishwa. Nadhani hilo ndilo somo tulilolihitaji zaidi, na ni heri lilitoka kwa mtu anayeupenda utaratibu ule. Utaratibu ulioishi kwa meya mwenye nia ulidhoofika mwenye nia alipoondoka. Peru wao waliuweka kwenye sheria ya nchi nzima mwaka 2003. Sheria nayo haitoshi, mtu anaweza kuitimiza kwa karatasi za mahudhurio. Ila bila sheria huna hata cha kushika mkononi unapobisha hodi.

Kitu kimoja alichokitaja kutoka Makueni, kaunti ya mashariki mwa Kenya, kilimfanya fundi wetu asogee karibu. Huko kila mradi una kamati ya wakazi, na kamati isipotia saini kwamba kazi imefanyika, mkandarasi halipwi. Fundi akauliza mara tatu, kwa njia tatu, kuhakikisha amesikia sawasawa.

Na sisi tulikuwa na cha kutoa. Fundi alieleza ujenzi wa fosi akaunti kwetu: shule au zahanati inajengwa na mafundi wa hapo hapo, kuna kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi inayohesabu mifuko ya saruji inaposhushwa, na kamati ya ujenzi. Kisha akachukua fimbo ya mwalimu akachora mlima, nyumba, chemba, bomba likipita uani. Wao ardhi yao ni tambarare na maji yanasimama, kwa hiyo mteremko ndio shida, na walibishana sana kuhusu hilo, watu wawili wakipima mchanga kwa viganja. Mama wa funguo alitaka kujua jambo moja tu: jirani akikataa bomba lisipite kwake, inakuwaje? Fundi akamwambia ukweli. Bomba linazunguka, linakuwa refu, na wanaolipia urefu ni wale wengine. Ndiyo maana wengine huenda kumwomba, na huenda jioni, na huenda na mke wa mtu anayeheshimika.

Nilimwachia mwalimu nakala ya ukurasa wangu wa Natal.

Ijumaa, njiani

Siku nzima ndani ya basi. Pancha moja baada ya Tarime. Mwenyekiti amekaa na kauntabuku magotini tangu Sirari, anachora safu nne kwa rula aliyonunua Migori.

Jumamosi, Mwanza

Kikao kilikuwa chini ya mwembe saa tisa alasiri. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, nadhani kwa kutaka kusikia habari za Kenya. Mwenyekiti akasalimu, "Mwadila," wakaitika, na hakusimulia safari. Alibandika manila kwenye shina la mti kwa pini za nguo, akanikabidhi kalamu.

Tukaanza na mwaka wa kwanza. Tuliomba: madarasa mawili ya shule ya msingi. Limekubaliwa, yamejengwa. Watu wakapiga makofi, maana walikuwa wamesahau kwamba lilianzia hapa. Tuliomba: ngazi na mtaro. Safu ya pili nikaandika hapana, ya tatu hapana. Ya nne nikabaki na kalamu hewani. Mwaka wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Wa nne. Safu ile ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini, na bibi mmoja asiyejua kusoma akauliza mbona pale hakuna kitu.

Mtendaji wa mtaa, binti mdogo aliyehamia mwaka jana, alisema mwenyewe kwamba naye hajui, na kwamba angependa kujua. Nilimheshimu kwa hilo. Tukaandika barua pale pale, mistari sita. Mradi mmoja, swali moja: ngazi na mtaro wa mtaa wetu, zilizoombwa miaka minne mfululizo, zilifika hatua gani na ziliachwa kwa sababu gani? Tumetaja sheria ya 2016. Mwenyekiti ametia saini, mtendaji amegonga muhuri, na Jumatatu asubuhi ataipeleka kwa mkono na kurudi na nakala iliyopokelewa. Nimehesabu siku 30 kwenye kalenda ya ukutani na kuzungushia tarehe.

Wakati tunamaliza barua, fundi alikuwa keshaanza kazi yake. Kamba ya manila ya mita ishirini, vijana wawili, vigingi vya mabua. Walipima njia kutoka lami kwenda juu, kipande kwa kipande, na kila penye kona kijana wa ramani akabonyeza simu. Nilifuata nyuma nikiandika. Kipande cha kwanza mita 20, jabali moja. Cha pili mita 20, udongo. Cha tatu kinapita ukingoni mwa kiwanja cha yule bibi. Alikuwa ametangulia kutusubiri, amesimama kati ya kamba na mwarobaini wake.

"Pitisheni huku," akasema, akionyesha upande wa jikoni. "Mti msiuguse. Jiko nitalihamisha."

Fundi akasogeza kigingi. Nikaandika.